Maskoti wa Chapa Katika Video za Akili Unde: Ruhusa Ni Masharti

Mwaka 1898 kampuni ya matairi ya Michelin ya Ufaransa ilitoa bango lenye mchoro wa mtu aliyeundwa kwa matairi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Bibendum. Mhusika wa aina hiyo, anayebuniwa ili kuwakilisha bidhaa au taasisi mbele ya umma, huitwa maskoti. Kwa zaidi ya karne moja, mwenye chapa ndiye aliyeamua maskoti wake aseme nini na aonekane wapi.

Teknolojia ya akili unde imebadili hali hiyo. Mtu mwenye simu anaweza sasa kuandika sentensi chache na kupata video ya mhusika maarufu akitembea na kuzungumza. Kampuni zinalazimika kuamua kama ziruhusu matumizi hayo au ziyazuie.

Suala hilo lilijitokeza wazi tarehe 30 Septemba 2025, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipozindua programu ya video ya Sora. Katika siku za mwanzo, wahusika wanaolindwa na hakimiliki, akiwemo Pikachu, walionekana katika video nyingi za watumiaji. Tarehe 3 Oktoba, Mtendaji Mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alieleza kuwa wenye haki wangepewa udhibiti zaidi wa namna wahusika wao wanavyotumika.

Mfano wa Disney unaonesha kuwa jibu haliishii kwenye kukubali au kukataa. Juni 2025, Disney na Universal zilifungua shauri nchini Marekani dhidi ya kampuni ya Midjourney, zikidai kuwa mfumo wake ulizalisha picha za wahusika wao bila idhini. Hata hivyo, tarehe 11 Desemba 2025 Disney na OpenAI zilitangaza makubaliano ya leseni ya miaka mitatu, yaliyohusu wahusika zaidi ya 200. Kwa mujibu wa tangazo hilo, sura na sauti za waigizaji hazikuhusishwa. Katika shauri, idhini haikuwepo; katika leseni, ilikuwepo pamoja na mipaka yake.

Kuruhusu kuna manufaa. Mashabiki humpa maskoti uhai mpya, na kampuni hupata njia halali ya kuwafikia. Aidha, kukataa peke yake hakumzuii mtu asiyejali sheria.

Hata hivyo, hatari yake si ndogo. Maskoti huaminiwa, hasa na watoto, kwa sababu wamemzoea kwenye vifungashio na matangazo. Video inayomwonesha akieleza matumizi yasiyo salama ya bidhaa, akipigia debe mgombea au akitangaza zawadi za kitapeli huweza kusadikiwa kabla kampuni haijakanusha. Vilevile, katika sheria za alama za biashara za nchi kadhaa, ikiwemo Marekani, mmiliki anayetoa leseni bila kusimamia ubora anaweza kudhoofisha haki yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, ruhusa inapaswa kuwa ya maandishi na yenye ukomo wa muda. Itaje maudhui yasiyokubalika, itenganishe sura na sauti, ielekeze video zote ziwekewe alama ya kuonesha kuwa zimetengenezwa kwa akili unde, na ieleze nani anamiliki video hizo. Muhimu zaidi, impe mwenye chapa uwezo wa kuomba video iondolewe kwa haraka na kusitisha ruhusa inapokiukwa.

Kwa kampuni za Tanzania Bara, hatua ya kwanza ni kuthibitisha umiliki. Mchoro wa maskoti unaweza kulindwa kama kazi ya sanaa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, na kusajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Pale mchoro ulipochorwa na msanii wa nje ya kampuni, mkataba uoneshe bayana kama haki zimehamishwa, kwa kuwa kampuni haiwezi kumruhusu mwingine kutumia haki isiyokuwa yake.

Maskoti ni ahadi ya chapa kwa mteja. Anayemruhusu aingie katika video za wengine hana budi kubaki na uwezo wa kuilinda ahadi hiyo. Asipokuwa nao, ni busara kusubiri.