Dirisha la faragha halifuti kila kitu kwenye kompyuta ya umma

WATU wengi mijini bado huingia kwenye maduka ya steshenari na migahawa ya intaneti ili kutuma maombi ya kazi, kujaza fomu za mkopo wa chuo au kuchapisha vyeti. Anayeketi kwenye kompyuta hiyo baada yao anaweza kukuta mengi kuliko walivyodhani wameacha.

Kinga ya kwanza ni dirisha la faragha. Katika vivinjari vya Chrome na Edge hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Katika Firefox ni P badala ya N. Huduma hii si ngeni, kwani Safari ilikuwa nayo tangu mwaka 2005 na Chrome mwaka 2008. Dirisha hilo likifungwa, kivinjari hakibaki na orodha ya kurasa ulizotembelea, wala na vidakuzi, yaani zile faili ndogo zinazoitambulisha tovuti kwamba wewe ndiye uliyeingia.

Lakini ni lazima lifungwe. Kulishusha chini ya kioo hakutoshi, na ukifungua madirisha mawili ya faragha ukafunga moja tu, akaunti yako ya baruapepe hubaki wazi katika lile jingine.

Kinachowaponza wengi zaidi ni faili. Nakala ya kitambulisho au taarifa ya benki uliyoipakua ili ichapishwe hubaki ndani ya kompyuta hata kama ulitumia dirisha la faragha. Ifute mwenyewe, kisha uifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta, na usione haya kumwomba mhudumu akusubiri. Kama ulimtumia faili hiyo kwa baruapepe au WhatsApp, mwombe afute na nakala yake.

Aidha, dirisha hilo halimzuii mwenye mtandao kuona tovuti unazotembelea, wala halizuii programu iliyofichwa kunakili kila herufi unayobonyeza. Hata kampuni za mtandao huendelea kukusanya taarifa: kutokana na kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020, Google ilikubali mwaka 2024 kuharibu mabilioni ya rekodi za watu waliovinjari kwa njia hiyo.

Kwa sababu hiyo, shughuli za benki zifanyie kwenye simu yako. Ukilazimika kuingiza nywila kwenye kompyuta ya umma, ibadilishe siku hiyohiyo ukiwa kwenye kifaa chako.