Nani Mwenye Chumba?

Mtaani kwetu mtu anayefanyia kazi nyumbani huhesabiwa hana kazi. Jirani akikukuta saa nne asubuhi umeinamia karatasi zako, atakutuma dukani. Basi nikajiuliza, ndugu msomaji: mahali tunapokaa panachangia kiasi gani katika kazi inayotoka mikononi mwetu?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1924, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, wataalamu walianza kupima kama mwanga wa taa huongeza kazi. Hadithi iliyoenea baadaye ni kwamba taa zilipoongezwa kazi ilipanda, na zilipopunguzwa ikapanda vilevile. Eti siri ilikuwa wafanyakazi kujua wanaangaliwa. Mwaka 2011 wachumi Steven Levitt na John List walichapisha uchambuzi wa takwimu za awali, wakaonyesha kuwa hadithi ilikuwa imetiwa chumvi mno.

Wakati huo swali lilikuwa limeshahama kiwandani. Mwaka 1973 Mmarekani Jack Nilles, akitafuta dawa ya foleni za magari, alipendekeza kwamba badala ya mtu kuifuata kazi, kazi imfuate mtu. Sawa, lakini imfuate wapi? Hapo ndipo penye shughuli.

Mwishoni mwa 2010 kampuni ya safari ya Ctrip, huko Shanghai, iliwapeleka nyumbani baadhi ya wapokea simu wake kwa miezi tisa. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake wakapima. Kazi ilipanda kwa asilimia 13. Kiasi cha 9 kilitokana na watu kukaa kazini dakika nyingi zaidi: mapumziko machache, siku chache za kuugua. Zile 4 zilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika, na sababu iliyotajwa ni utulivu wa nyumbani.

Wengi husoma hiyo 13 wakafunga kitabu. Hebu tusome masharti. Waliojitolea walikuwa 503, waliokidhi vigezo 249 tu. Kigezo kimojawapo: uwe na chumba ambacho hakuna mwingine atakayeingia saa za kazi. Kwa hiyo kilichopimwa pale hakikuwa nyumba yoyote tu. Kilikuwa nyumba yenye chumba cha kujifungia. Na hata hivyo, waliporuhusiwa kuchagua upya, wengi walirudi ofisini, upweke ukiwa miongoni mwa sababu.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulirudisha mamilioni ya watu nyumbani, na safari hii hakuna aliyeulizwa kama ana chumba.

Sasa turudi geto. Mimi ninaandikia kitandani, kipande cha ubao magotini. Ukuta wa pili redio, uani ndoo na watoto, mlangoni mshikaji anabisha hodi bila kusubiri karibu. Ikifika saa nne usiku, hadithi niliyoianza asubuhi ina aya moja, na hiyo moja nimeifuta.

Mtu ataniambia: mbona Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya *Sauti ya Dhiki* akiwa gerezani, kati ya 1969 na 1972, tena kwenye karatasi za chooni? Kweli, nami namvulia kofia. Lakini tusiifanye jela kuwa kipimo. Yule alishinda mateso. Haina maana kwamba mateso ndiyo meza ya kuandikia.

Siku hizi naamka saa kumi alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Saa mbili zile ndizo chumba changu. Mwenye sebule isiyotumika mchana, amfungulie mwenzake. Na wewe mhariri, au bosi, kabla hujamwita kijana mvivu, muulize kwanza: chumba chako, mnalala wangapi?