Suheli juu ya Ubwari

Suheli ni nyota ya pili kwa mwangaza katika anga lote la usiku. Inayoizidi ni Shira peke yake. Wanafalaki wa leo huiita Canopus, na wamepima umbali wake wakapata miaka ya nuru ipatayo 310. Nuru inayogusa usiku huu maji ya Ziwa Tanganyika penye mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, ilianza safari zaidi ya miaka mia kabla ya wafanyabiashara wa Kiarabu kufika Ujiji, mnamo 1840. Jina la Suheli lilitoka Uarabuni likaenea pwani ya Waswahili, na lugha yenye jina hilo ikapanda na misafara hadi Ziwa Tanganyika. Lakini jina halikusafiri peke yake. Lilibeba hukumu: kwamba nyota hii ikichomoza joto huvunjika, kwamba mwaka hugeuka, kwamba ina tabia fulani inayowashukia watu. Jina lilistahili safari hiyo, hukumu hazikustahili. Yanayosemwa juu ya nyota hutegemea mahali inapotazamwa, na anga la Fizi na Baraka lina habari zake lenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani sana. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, Mgiriki Posidonius alieleza kwamba katika kisiwa cha Rhodes Suheli hugusa tu ukingo wa upeo wa macho kisha ikazama, ilhali Alexandria, kusini zaidi, hupanda kiasi cha sehemu moja ya 48 ya duara. Kwa tofauti hiyo akakadiria mzingo wa dunia. Vipimo vyake vilikuwa na kasoro, lakini msingi wake ulikuwa sahihi: kadiri mtu anavyokwenda kusini ndivyo Suheli inavyopanda. Ukivuka digrii 37 kaskazini mwa ikweta huioni kabisa. Muscat hufika digrii 14 hivi juu ya upeo, na hukaa angani kama saa saba tu. Baraka, iliyo digrii 4 kusini mwa ikweta, Suheli hupanda hadi digrii 41, yaani ngumi nne za mkono ulionyooshwa, na hukaa angani zaidi ya saa 12 na nusu. Huchomoza kusini-mashariki, upande wa milima ya rasi ya Ubwari, na huzama kusini-magharibi, upande ulipo mji wa Fizi. Mwarabu wa kaskazini aliiona kama mgeni anayechungulia akaondoka. Mtu wa Baraka anakaa nayo usiku mzima mwishoni mwa Desemba, inapofika kileleni saa sita za usiku.

Tofauti hiyo ya mahali huleta tofauti ya majira, na hapo ndipo hukumu za kuletwa zinapovunjika. Katika Ghuba ya Uajemi, Suheli hungojewa kwa hamu alfajiri za mwishoni mwa Agosti, kwa kuwa kuonekana kwake ni dalili kwamba joto kali linaanza kupungua; wavuvi na wakulima wa huko huhesabu siku za mwaka kwa makumi kuanzia kwake. Hesabu ya makumi inajulikana pia pwani ya Waswahili, ambako mwaka wa Nairuzi hugawanywa katika miongo, na Makunduchi ya Unguja huukaribisha kwa sherehe ya Mwaka Kogwa kila Julai. Sasa ipeleke dalili ile ya Agosti Baraka, uone inavyopotea. Hapa Suheli hutoweka jioni mwezi Juni na kurudi alfajiri mwezi Julai, katikati ya kiangazi, wakati upepo wa kusini-mashariki unalichafua ziwa. Mvua zinaporudi, Septemba na Oktoba, Suheli si nyota ya alfajiri tena, kwani huchomoza karibu na usiku wa manane. Mkulima wa mpunga wa Fizi akifuata kalenda ya Ghuba ataisoma nyota ile ile kwa maana isiyo yake. Kundi la nyota la Kilimia lingemfaa zaidi: huzama jioni mwezi Mei, mvua zinapokwisha, likachomoza alfajiri mwezi Juni kiangazi kikiwa kimeshaingia, sawa kabisa na walivyosema wahenga kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Yuko atakayesema kwamba, ikiwa hivyo, jina lenyewe nalo ni la kuletwa na liachwe. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu njia iliyoleta Kiswahili ziwani ilikuwa pia njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipopita Ubwari mwaka 1858, wakidhani ni kisiwa, walikuwa wakifuata maji ambayo wafanyabiashara wa Ujiji walikwisha kuyazoea. Na baadaye mfanyabiashara Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, alitawala sehemu kubwa ya mwambao huu hadi majeshi ya Wabelgiji yalipovunja nguvu zake mwaka 1894. Hata hivyo, katika njia hiyo hiyo ilipita elimu ambayo haikumdhulumu mtu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, akiwamo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, waliipa dira alama 32 kwa majina ya nyota, na ncha ya kusini wakaiita ncha ya Suheli. Ndiyo maana suheli kwa Kiswahili ni kusini pia. Jina la namna hiyo ni chombo cha kazi, na chombo ni cha anayekitumia. Wenyeji wa hapa, Babembe na Babwari, hawapungukiwi na kitu wakilitumia kwa ziwa lao.

Pingamizi la pili ni la wanajimu, wasemao kwamba nguvu ya nyota ni moja popote. Ptolemy, katika karne ya pili, aliandika kwamba nyota angavu za kundi la Jahazi, ambamo Suheli ilihesabiwa, zina tabia ya Zohali na Mushtari. Lakini Ptolemy aliishi Alexandria, ambako Suheli hubaki chini karibu na upeo. Tena nyota hii iko digrii 76 kutoka njia ya jua, mbali mno na buruji ambazo utabiri wa wanajimu huzitegemea. Waarabu waliipa kisa kingine kabisa: Suheli alimuua mkewe akakimbilia kusini, na Shira akavuka mto wa Njia ya Maziwa kumfuata. Wagiriki waliiona nahodha, Waarabu wakaiona mtoro. Kama hukumu ingekuwa ndani ya nyota, mataifa haya yasingesoma mambo yaliyo mbali hivi. Na anayejibu kwamba ishara za majira huwa kweli, anasema kweli. Ila jua ndilo liletalo kiangazi na masika, na nyota ni saa tu inayoonyesha mwaka umefika wapi. Mvua zikichelewa, Suheli haichelewi.

Kinachobaki baada ya kuondoa hukumu si kidogo. Wavuvi wa ndagala hushuka ziwani na taa katika siku za giza, kwani mbalamwezi huzinyima taa nguvu ya kuvuta samaki. Na siku hizo ndizo nyota huonekana vizuri zaidi. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, Suheli huwa kileleni. Mvuvi aliye katikati ya ghuba ya hapa ziwani akiielekea, Baraka iko mkono wake wa kulia na Ubwari mkono wa kushoto. Chombo cha anga Mariner 4, kilichorushwa mwaka 1964 kwenda Mirihi, kiliielekea nyota hii hii ili kisipotee. Mkulima na mvuvi wa Fizi wanastahili kalenda ya nyota iliyopimwa Baraka, yenye Suheli ya Julai na Kilimia cha Juni, ifundishwe shuleni pamoja na jiografia ya ziwa. Jina tumelirithi na tulitunze. Tarehe zake tuziandike wenyewe.