Sheria Iliyotoka Ubelgiji na Wagonjwa wa Kwetu

Tunaposikia kwamba nchi fulani inapitia upya sheria ya kifo cha kusaidiwa, yaani daktari kukatisha uhai wa mgonjwa kwa ombi lake, tusidhani ni jambo la mbali. Historia ya Ubelgiji, iliyotutawala hadi 1960, inatugusa.

Mwaka 1999 vyama vya Kikristo vilitoka serikalini huko, mara ya kwanza tangu 1958. Tarehe 16 Mei 2002 wabunge 86 waliikubali sheria ya eutanasia, 51 wakaikataa. Ilimhusu mtu mzima mwenye ugonjwa usiotibika na mateso yasiyovumilika, hata mateso ya nafsi. Mwaka 2014 mlango ukafunguliwa kwa watoto walio karibu kufa.

Shirika la Frères de la Charité lilianzishwa mjini Gent mwaka 1807. Ndilo linalotunza wagonjwa wa akili hapa Lubumbashi, katika kituo cha Dr Joseph Guislain. Mwaka 2017 baraza linaloendesha hospitali zake za Ubelgiji, ambalo wengi wake walikuwa walei, lilikubali eutanasia itendeke humo, likitaja uhuru wa mgonjwa. Mkuu wa shirika alipinga, Papa Fransisko akaagiza waache, baraza likashikilia msimamo wake. Mwaka 2020 Roma ilitamka kwamba hospitali hizo si za Kikatoliki tena.

Tuone basi: maoni ya watu hugeuka polepole, na yaligeuka hata ndani ya nyumba yetu, kwa walei kama sisi.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 16, yasema mtu ni mtakatifu na ana haki ya kuishi. Ni neno jema, lakini halimtulizi anayelia usiku kwa maumivu ya kansa. Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa, hata ikiweza kufupisha maisha, mradi kifo hakikusudiwi. Nchini Uganda, tangu 1993, Hospice Africa ya Dr Anne Merriman huwapa wagonjwa mofini ya kunywa, nao hutunzwa hata nyumbani kwao. Huo ndio utetezi wa uhai unaoshikika. Anayekataa eutanasia bila kumkaribia mgonjwa amefanya nusu ya kazi.

Tujadili katika vikundi: katika mtaa wetu, nani anateseka peke yake? Na nani kati yetu atakwenda kwake wiki hii?