Siku ya Petro na Paulo, 1960

Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma habari za kujengwa kwa nyumba ya Mungu na hesabu ya wabatizwa. Sisi tumeombwa kuandika juu ya siku moja tu, ile iliyotangulia uhuru. Hatukuwa tumezaliwa bado. Tuliyapokea haya kwa baba yetu, mwalimu wa misioni, na kwa koko yetu, mama yake mzazi.

Tarehe 29 Juni 1960 ilikuwa jumatano, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Misa iliimbwa kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi, lakini mahubiri hayakusikilizwa sana, maana ngoma zilikwisha kuanza ng'ambo ya mto. Baada ya baraka ya mwisho watu hawakurudi nyumbani. Walishuka mpaka bandarini, wakajazana katika mitumbwi, wakavuka kwenda Stanleyville, mji uitwao Kisangani tangu 1966. Baba yetu alivuka pamoja nao, na kinga yake mpya, ambayo hakutaka kuiacha kwa mtu.

Furaha hiyo kwetu ilikuwa na uzito wake. Mwisho wa Oktoba 1959, baada ya mkutano wa MNC, askari walipiga risasi katika mji huo huo, watu wengi wakafa, na Patrice Lumumba, aliyekuwa zamani karani wa posta ya pale, akatiwa gerezani. Miezi minane tu ikapita, na mfungwa yule alikuwa Waziri wa Kwanza. Siku ile alikuwa Léopoldville, ambako yeye na Rais Kasa-Vubu walimpokea Mfalme Baudouin. Nani asingecheza? Baba alisema hata mama waliofiwa walicheza. Mmoja tu alisimama kando ya njia, bila kucheza wala kulia, na umati ukapita ukimzunguka.

Leo vijana huwacheka watu wale, kwamba walingoja nyumba na motokari za bure. Wako waliozingoja, hatukatai. Lakini wengi walikwenda kutembea katikati ya barabara ambamo jana yake waliulizwa karatasi, na kwa jambo hilo hawakudanganywa.

Koko yetu hakuvuka. Shule ya misioni ilipaswa kupandisha bendera mpya asubuhi: rangi ya buluu, nyota kubwa ya manjano katikati, na ndogo sita upande wa mlingoti kwa ajili ya majimbo sita. Madukani buluu ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kitambaa kilichowekwa kwa maandamano ya Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Wamama wakamwendea Padri Mkubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua kabati kwa mkono wake mwenyewe, akawapa. Walipokuwa mlangoni akauliza: «Na mimi, kesho mtanihitaji?» Walicheka, wakidhani ni mzaha, wakaenda zao bila kujibu.

Baba alirudi usiku, sauti imekauka. Akawakuta wamama wakihangaika, maana hakuna aliyejua kukata nyota yenye pembe tano. Akachana ukurasa wa daftari, akaukunja, akakata kipimo. Walishona kwa taa mpaka jogoo akawika.

Yaliyofuata mnayajua: askari waliasi tarehe 5 Julai, na tarehe 11 Katanga ikajitenga. Mwaka 1964, wakati wa Masimba, mapadri wazungu walipokuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba, swali la kabati liliwarudia wamama wale, na wakati huo walilijibu. Padri alikaa siku tisa katika ghala la mihogo la koko yetu.

Bendera ya buluu yenye nyota hizo ilirudi mwaka 1997. Koko akafungua sanduku lake, akatoa, kati ya rozari na kadi ya ubatizo, nyota ya karatasi iliyokunjwa, mistari ya daftari ikionekana bado. Wamama wa parokia wakashona kwa kipimo hicho hicho. Kitambaa, safari hii, walikinunua sokoni.