Pumu ya mzio kwa kijana: mwongozo kwa jamaa zetu wa Thika na Ruiru

Jamaa zetu wengi wamehamia Thika na Ruiru kufuata kazi za viwandani, na desturi za Pwani wamekwenda nazo, udi na ubani zikiwemo. Nyumba yenye kijana mwenye pumu inahitaji uangalifu zaidi.

Kinachomdhuru
Katika pumu ya mzio, mwili huvichukulia vitu vya kawaida kama adui. Njia za hewa huvimba, hujaa makohozi na kubana. Vichochezi vikubwa ni vijidudu vya vumbi la godoro, mende, magamba ya ngozi ya paka, ukungu wa ukutani na chavua. Moshi wa viwanda, makaa, sigara na udi huzidi kuzikera njia hizo. Kati ya Juni na Agosti, baridi ya huko hufanya watu wafunge madirisha, na moshi na vumbi vyote vikabaki ndani.

Nyumbani
Fueni shuka kila wiki kwa maji moto. Jiko la makaa likae nje. Chetezo kisifukizwe kijana akiwemo ndani.

Dawa
Inhela ya kutuliza, mara nyingi ya buluu, hufungua kifua kwa saa chache tu, haiondoi uvimbe. Inhela ya kuzuia ndiyo inayoupunguza, na hutumiwa kama daktari alivyoagiza hata siku ambazo kijana ni mzima. Tangu 2019, miongozo ya kimataifa ya GINA haishauri mgonjwa wa miaka 12 na zaidi ategemee ya kutuliza peke yake. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au akiamka usiku kwa pumu, mrudisheni kliniki. Baada ya dawa ya kuzuia, asukutue mdomo.

Kijana mwenyewe
Umri huu huona haya kuvuta inhela mbele ya wenzake, na akipata nafuu huacha dawa. Msimgombeze. Mwacheni abebe inhela yake mwenyewe, na mwalimu na rafiki mmoja wajue ilipo.

Ramadhani
Dawa ya mara mbili kwa siku yaweza kupangwa wakati wa futari na daku, kwa ushauri wa daktari. Wanazuoni wamehitilafiana iwapo inhela hufunguza, lakini pumu ikimshika asingoje magharibi: atumie dawa. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Hali ya hatari
Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikigeuka buluu, mkimbizeni Thika Level 5 au hospitali iliyo karibu. Njiani, akae wima na apewe inhela ya kutuliza, pulizo moja moja, 4 hadi 10, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili inhela iingie barabara, husaidia dawa kufika mapafuni.