Siku ya Kumi na Nne: Mgogoro wa Tarehe ya Pasaka katika Kanisa la Karne za Mwanzo

Utangulizi

Kiswahili kina neno moja, Pasaka, kwa sikukuu mbili: ile ya Wayahudi ya kukumbuka kutoka Misri, na ile ya Wakristo ya kukumbuka kufa na kufufuka kwa Yesu. Leo Wayahudi wa Kimasihi, wanaomkiri Yesu kuwa Masihi, huadhimisha Pasaka kwa kalenda ya Kiyahudi, na wapo wanaowaona kuwa wazushi wa jambo jipya. Makala haya yanaonyesha kwamba suala hilo ni la kale, na kwamba kilichobishaniwa hakikuwa tarehe pekee, bali pia mamlaka ya kuipanga.

Mapokeo mawili

Kwa mujibu wa Walawi 23:5, Pasaka huanza jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, yaani Nisani. Makanisa ya jimbo la Kirumi la Asia, magharibi mwa Uturuki ya leo, yaliishika siku hiyo hata ikiangukia katikati ya juma. Roma na makanisa mengine mengi yalingoja Jumapili. Mnamo mwaka 155 hivi, Polycarp, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kuonana na Anicetus. Polycarp alisema amepokea desturi yake kwa Yohana. Anicetus alishikilia ile ya wazee waliomtangulia. Hakuna aliyemshawishi mwenziwe. Hata hivyo, Anicetus alimwachia mgeni wake kuongoza Ekaristi, nao wakaagana kwa amani.

Mnamo mwaka 190 hivi hali ilibadilika. Victor wa Roma alitaka kuyatenga makanisa ya Asia. Polycrates wa Efeso alimjibu kwa kuwataja Filipo, Yohana na Polycarp, waliozikwa katika nchi hiyo na walioishika siku ya 14. Irenaeus wa Lyon, ingawa mwenyewe aliadhimisha Jumapili, alimwonya Victor kwa kumkumbusha mwenendo wa Anicetus.

Kalenda na uhusiano na Wayahudi

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kushika siku ya Wayahudi kulimaanisha kuwapenda. Melito wa Sardi, aliyefuata siku ya 14, aliandika hotuba ya Pasaka inayowashutumu Israeli vikali kwa kifo cha Yesu. Kwake, kondoo wa Misri alikuwa kivuli, na kivuli hupita mwili unapofika.

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliamua Pasaka iadhimishwe siku moja na makanisa yote. Katika barua yake, Kaisari Constantine alieleza kuwa haistahili kufuata desturi ya Wayahudi. Hivyo hoja ya umoja ilichanganyika na hoja ya kujitenga. Waumini wa kawaida, hata hivyo, hawakutii mara moja: mwaka 386 na 387, huko Antiokia, John Chrysostom alihubiri mfululizo akiwakemea Wakristo waliohudhuria sikukuu za masinagogi.

Hitimisho

Yaliyojiri yanaonyesha kwamba tofauti ya tarehe haikulivunja Kanisa mwaka 155. Ilianza kulitisha pale upande mmoja ulipotaka kuulazimisha mwingine. Anayezichunguza jumuiya za Kimasihi za leo hana budi kuuliza maswali mawili: wanashika siku gani, na wanawatazamaje Wayahudi ambao siku hiyo ni yao? Melito anatukumbusha kwamba jibu la swali la kwanza halitoshi kujibu la pili.